Nishati Niliyosema Mungu Ameichukua

Linet, nimejiaibisha. Nimetoka darasa la jioni sasa hivi.

Ijumaa niliondoka katikati ya somo ili Sabato, inayoanza jua likizama, isinikute njiani, nikasikia nusu tu. Ndiyo maana kwenye ushuhuda wangu kanisani nilisema kiini cha atomu kikitoa elektroni, sehemu ya nishati hupotea, na Mungu ndiye huichukua. Kanisa zima likasema amina. Ulinisikia!

Leo mwalimu Bogonko amerudia somo. Hakuna kinachopotea! Elektroni hugawana nishati na chembe ndogo sana, nutrino, kila mara kwa mgao tofauti.

Nikauliza kama wana hakika. Akasema, "Mama Dolphine, hiyo ilijulikana kabla hujazaliwa." Darasa likacheka.

Kabla hujazaliwa, Linet.

Nimempigia pasta nikamwambia nilikosea, anitoe kwenye ratiba ya makambi, mkutano wa kanisa kule Rodi nilikopangiwa kuutoa ushuhuda tena. Ati, "Dada, watu walibarikiwa. Rudia vile vile."

Vile vile? Nimsingizie Mungu mara ya pili, sasa nikijua?

Nimepiga magoti, nimeamua.

Nitasimama makambini niseme ukweli. Pasta atakuwa jukwaani nyuma yangu. Tafadhali wewe kaa mbele, nipate uso wa kuangalia.