Mashua Mbili na Fanta ya Mashahidi

Jumapili, Juni 1993. Vumbi tangu asubuhi, jua la kiangazi linachoma mabati ya Biryogo. Nina hasira, na naandika ili nisigombane na mtu.

Tunanunua mashua ya tanga. Nikisema hivyo hapa mtaani watu wanacheka, maana Kigali ni vilima vitupu na maji ya karibu ni ya bomba, nayo hayaji kila siku. Lakini mume wangu, Baba Salima, alikulia Gisenyi, na tangu ujanani ameendesha mashua za Wazungu kwenye Ziwa Kivu. Sasa Wazungu wanaondoka kwa sababu ya vita, na vyao wanauza. Mpango wetu ni kuhamia ziwani, tuishi humo humo mashuani, tubebe wageni na mizigo.

Mpango wangu mimi ni mfupi zaidi: kuondoka Kigali. Tangu guruneti lilipolipuka karibu na stendi, Salima analala na viatu. Ana miaka sita. Nikimvua usingizini anaamka na kuvivaa tena.

Mashua zenyewe ziko mbili, zote Gisenyi, na ukiziona kwa mbali utasema mapacha. Urefu mmoja, mlingoti mmoja, ndani vitanda vinne na jiko dogo la gesi. Wenyewe wako hapa Kigali: nyeupe ni ya Mbelgiji anayekaa Kiyovu. Ya kijani ni ya Mgiriki mwenye duka Gisimenti.

Nyeupe ina matanga mapya na inakimbia, ndiyo iliyomteka mume wangu. Lakini mkuku wake, ule unaoshuka chini ya maji kuizuia isipinduke, ni mrefu mno, kwa hiyo bila gati huwezi kushuka. Ndani Baba Salima hawezi hata kusimama. Siku tulipoikagua alijigonga kichwa, akasema si kitu, akajigonga tena.

Ya kijani matanga yake yamechoka. Nilivuta mshono kwa kidole, uzi ukakatika. Ila mkuku wake ni mfupi, inasogea karibu na ufuko wowote, na mtu anashuka na mtoto mgongoni maji yakiwa magotini tu. Na jikoni nasimama wima.

Nikamwambia: tanga bovu nitalishona mwenyewe, mimi ni fundi cherehani. Mkuku mrefu nani ataukata?

Akasema atafikiri.

Juzi Ijumaa akamtuma mdogo wake, shemeji Idi, aende Kiyovu kuuliza habari za hati tu. Idi hajui kwenda mahali peke yake, akachukua majirani wawili. Alirudi meno yote nje.

"Mama Salima, bwato iko yetu! Tulikunywa, na abagabo walikuwepo."

Huku kwetu kitu kikubwa hakijauzwa mpaka muuzaji na mnunuzi wanywe pamoja mbele ya mashahidi, hao abagabo. Wenzetu wanafunga biashara kwa bia, sisi Waislamu tunafunga kwa Fanta, na nguvu yake ni ile ile. Ukishakunywa huwezi kurudi nyuma. Sasa huyo Mbelgiji aliona watu watatu wamechoka na jua, akawapa Fanta baridi kama mwenyeji yeyote, naye akanywa. Idi akaona mambo yamekwisha.

Nilisema Mzungu yule hajui mila hiyo. Nani alinisikiliza? Baba Salima alisema neno limeshatoka, hataki kuitwa mwongo mbele ya mashahidi. Jana akaenda Gisimenti kumwambia Mgiriki kwamba ya kijani hatuitaki. Na kwa kuwa hakuwa na sababu ya maana, akatunga moja papo hapo, dukani, wateja wakisikia: mashua ile ni ya kubebea viazi.

Ya viazi!

Leo tukavaa vizuri, tukaenda Kiyovu kukabidhiwa mashua yetu. Mbelgiji alitupokea kwa furaha, kisha akatushangaa. Nyeupe aliiuza jana kwa daktari mmoja wa Bujumbura. Idi alipomkumbusha kwa Kifaransa ile Fanta, akauliza kama tungependa nyingine.

Tulipofika nyumbani nikamwambia mume wangu ya kijani bado ipo, twende kesho.

"Niende na uso gani?" akasema. "Nilimtukana mutu mbele ya wateja wake."

Namwelewa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nilimpenda kwa sababu akisema neno analishika. Lakini neno hili hakulisema yeye, lilisemwa na chupa ya Fanta, na sasa tukwame hapa kwa ajili ya aibu? Watu wanahama huku na huku, sisi tunalinda heshima.

Yuko uani sasa, anajifanya kutengeneza baiskeli isiyo na ubovu wowote.

Kesho sifungui cherehani. Nitavaa kitenge changu kizuri niende Gisimenti peke yangu, nimwombe Mgiriki radhi, nimwambie mashua yake ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo. Akikataa kufanya biashara na mwanamke, je? Nitakaa kwenye ngazi za duka lake mpaka anichoke.

Baba Salima atakasirika kwamba nimekwenda kumwombea radhi bila kumwuliza, najua. Anaweza kuninunia mwezi mzima. Afadhali aninunie kule ziwani kuliko tupatane hapa.