Mkuyu Ambao Baba Bado Anauonyesha

Nyumbani,
Njia ya Maporomoko,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Kaka mpendwa,

Habari za huko? Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kikohozi chako kimekwisha. Sisi wazima, ila mimi nimechoka, na anayenichosha ni baba yako. Leo ni wako, si wangu.

Uliomba picha yake akiwa maporomokoni na ule mkuyu wa juu ya maji. Unaagiza tu kama uko hotelini! Mkuyu uling'oka wakati wa mvua kubwa, ukaenda na maji. Baba hatukumwambia. Anapita pale kila mara, tukajua ameona mwenyewe.

Unakumbuka alistaafu kuongoza wageni? Yeye hakumbuki. Wiki mbili zilizopita alichukua watatu, nikamfuata na simu yangu kwa ajili ya hiyo picha yako, huku nanung'unika. Alipofika kwenye jiwe lililopasuka, akaligusa. Pango la popo, akainama pale pale pa kuinama. Zile ngazi za mawe zenye utelezi akazishuka bila kukosea hata moja. Nikasema moyoni, mzee huyu atatuzika sote.

Kufika bwawani, tumelowa chapachapa, Baba akanyoosha mkono juu: "Tazameni mkuyu ule! Mimi nimezeeka, wenyewe unazidi kupendeza."

Wageni wakatazama mwamba mtupu, wakaitikia kwa adabu.

Kaka, haoni. Anahesabu hatua.

Nilimburuta hadi kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, upasuaji mdogo, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Amekataa katakata. "Macho haya yalikuona ukizaliwa, leo ndiyo unayatilia shaka?" Mama amembembeleza, mimi nimenuna, nimepiga kelele, nimeficha fimbo yake. Amekata nyingine. Siku jiwe moja la ngazi litakapohama, tutamwokota bwawani. Anayemsikiliza ni wewe, sijui kwa lipi ulilotenda.

Habari za mkuyu bado hajapewa. Kila nikifungua mdomo, naufunga.

Mama anakusalimu sana, na shangazi fundi cherehani anauliza kama umesahau kuandika. Mwenyezi Mungu awatunze wote.

Picha imo ndani ya bahasha. Tazama mkono wake unaonyesha nini, kisha mpigie simu.

Mimi nikupendaye, na kukukasirikia,
Dada yako