Nilikuambia ni Maziwa Tu

Mpendwa mwari wangu Riziki,

Miaka ishirini na sita! Kila nikiitaja, mdomo unabaki wazi. Mwezi wa tano huu tangu ututoke, na bado naamka kana kwamba habari yenyewe nimeletewa asubuhi hiyohiyo. Mimi mtu mzima, misiba mingi nimeiona hapa kisiwani Jibondo, ya waliozama na ya waliokufa kwa uzazi, lakini sijawahi kupigwa na butwaa namna hii. Nilidhani saratani ya matiti huwafuata vikongwe. Kumbe ilikufuata wewe, mtoto yuko mikononi, na mimi nikaifungulia mlango.

Unazikumbuka zile siku saba za ndani? Mama yako, Bi Tatu, alikuleta kwangu nikufunde, nikawa somo yako. Ulikuwa na maswali kuliko wari wote waliopita mikononi mwangu. Nikisema hivi, wewe, "Kwa nini, somo?" Nikisema vile, "Na asiyefanya je?" Nikakupa jina la hakimu. Nilikufunda kujisitiri, kuhesabu siku zako, kukaa na mume na kumvumilia mama mkwe mwenye ulimi. Nikajiona nimemaliza kila kitu. Kuhusu titi nilikufunda mawili tu: kulifunika na kumnyonyesha mtoto. Kulitazama kwenye kioo na kulipapasa kila mwezi, likibadilika ulijue, sikukuambia. Hata mimi aliyenifunda hakuniambia.

Siku ile tulikuwa kwenye mwani, maji yametoka, tunafunga miche kwenye kamba. Nasri wako alikuwa na miezi minane, umemwacha nyumbani kwa bibi yake. Ukanivuta pembeni.

"Somo, n'na kitu hapa. Hakiumi."

Nikapitisha mkono chini ya kanga. Kilikuwa kigumu, kimetulia kama kokwa ya tende. Nikacheka, Riziki. Mungu anisamehe, nilicheka.

"Mtoto kabeua ziwani huyo! Maziwa yameganda, mwanangu. Kesho njoo nikuchane."

Ndivyo tulivyokuzwa kuamini: mtoto akibeua huku ananyonya, titi linavimba, na dawa yake ni kitana. Nilikichovya kitana changu cha mti kwenye maji ya moto, nikakuchana kutoka juu kwenda chini, asubuhi tatu, nakukamua huku nasoma Kulhuwallahu. Mama zetu walifanya hivyohivyo na wengi walipata nafuu, kwa sababu wengi yalikuwa maziwa kweli. Uvimbe wako haukupungua. Ukasema labda uende zahanati. Nami nikakujibu, na maneno haya nayasikia hadi sasa, "Uende ukavue nguo mbele ya daktari kwa ajili ya maziwa kuganda? Watakucheka." Ukanitii. Wewe uliyenibishia kila jambo tangu u mtoto, siku ile ukanitii.

Aliyegundua ni nesi Neema, yule binti wa bara, siku ulipompeleka Nasri kupimwa uzito. Ulikaa unamnyonyesha, akaona ngozi ya titi imekuwa kama ganda la chungwa na chuchu imezama ndani.

"Dada, hii tangu lini?"

"Tangu Maulidi."

Na siku ile ilikuwa Shaabani, miezi mitano imepita. Hakukugombeza. Alikuandikia barua ya kwenda hospitali ya Kilindoni papo hapo, akakusindikiza mpaka kwenye boti, na Kilindoni nao wakakuandikia ya Dar es Salaam. Nilikwenda nawe. Ulitapika kutoka Kilindoni mpaka Nyamisati kule bara, mimi nakushikia mfuko, nakutania kwamba binti wa Jibondo anatapika baharini kama mtalii.

Walikuchoma sindano, wakachukua kinyama, wakatuambia tusubiri. Siku ya majibu daktari alikuwa mwanamke kijana, pengine rika lako. Alivuta kiti akakaa karibu nasi, ndipo akalitaja jina la ugonjwa. Mimi ndiye niliyepiga kelele, siyo wewe.

"Daktari, mmechanganya majibu! Huyu ana miaka ishirini na mitano. Ananyonyesha!"

"Mama," alinijibu taratibu, "inawapata na wadogo. Si wengi, lakini inawapata. Na anayenyonyesha huchelewa kuja, maana kila mtu humwambia ni maziwa."

Nilitazama sakafu. Nilikuwa nangoja useme, "Huyu hapa ndiye aliyeniambia." Hukusema. Uliuliza jambo moja tu, kama maziwa yako yamemdhuru mwanao. Daktari akasema hapana, hayakumdhuru hata kidogo, ila ukianza dawa itabidi umwachishe. Hapo ndipo ulipolia, na mimi nikalia na wewe.

Sitawasahau wenzako wa wodini. Mabinti watupu! Nilipoingia mara ya kwanza nilidhani nimepotea njia, nimefika wodi ya wazazi. Kulikuwa na yule mwalimu wa Singida, kichwa hakina unywele hata mmoja, aliyekufundisha kuandika maswali kwenye daftari kabla ya kuingia kwa daktari: ugonjwa umefika wapi, dawa hizi zitanizuia kuzaa tena, nikitapika nile nini, nikiwa na homa nikimbilie wapi. Basi hakimu akapata mahakama yake. Nilipokwisha kurudi nyumbani, ukaniambia kwenye simu kwamba leo mmekaa mkasimuliana mambo ambayo hata waume zenu hamwambii, nilishukuru, ingawa niliwaonea wivu kidogo. Baada ya kukatwa titi ukanipigia unacheka.

"Somo, nimeshonewa ziwa la mtama, nalivaa ndani ya sidiria. Nikija huko, fungeni kuku wenu!"

Nilicheka hadi machozi. Nikaamini umepona.

Lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Ulirudi nyumbani umekwisha, na mtama wako kwenye mfuko. Siku mbili kabla hujatuacha nilikuwa nakulowanisha midomo kwa kitambaa. Ukafumbua macho ukasema, bila hasira, kama mtu anayekumbuka tu alipoweka kitu, "Ningekwenda mwenyewe, somo. Ila nilikuamini."

Nikakichovya tena kitambaa majini, nikakupangusa midomo.

Sasa nikuambie nililolifanya baada ya hapo, maana nimelificha na linaniwasha. Mama yako alikuwa akiwaambia watu kisimani, "Mwanangu kajiua mwenyewe. Kaficha ugonjwa mpaka ukamla." Nilikuwepo, ndoo yangu mkononi. Nikanyamaza. Alirudia kwenye khitma, nikanyamaza tena. Nilikuacha maiti ubebe kosa langu, kwa sababu niliogopa wanawake wasije wakaacha kunileta wari. Hiyo ndiyo aibu yangu, Riziki, na ni kubwa kuliko ya kitana. Kitana kilikuwa ujinga, lakini kunyamaza niliamua.

Kisha mama yako akamleta mdogo wako, Shamsa. Nimfunde. Nilitaka kukataa, nikampokea. Siku ya saba wanawake wamejaa uani kwangu, wanapiga ngoma na vigelegele, nikasimama nikawaomba wanyamaze.

"Riziki hakuficha," nikasema. "Kaniambia mimi, siku ileile alipokiona. Nikamchana kwa kitana. Akataka kwenda zahanati, nikamzuia. Kuanzia leo mwenye uvimbe asije kwangu, aende akapimwe, awe ananyonyesha au hanyonyeshi. Na nyote mliopo, wadogo kwa wakubwa, kila mwezi mkimaliza siku zenu, jipapaseni."

Mama yako aliinuka, akamshika Shamsa mkono. Mwari hatolewi nje kabla hajakamilishwa, unajua mwenyewe, lakini alimtoa, kichwa wazi, mbele za watu. Wengine wakafuata. Nilibaki na ngoma na sinia la wali. Wiki mbili nzima nimepita mlangoni kwa Bi Tatu natoa salamu, haziitikiwi.

Asubuhi ya leo alikuja. Hakupiga hodi. Alisimama mlangoni, kanga kaikusanya kifuani kwa mikono miwili.

"Sijaja kukusamehe," alisema.

"Najua."

Uso umesawijika kama hajalala.

"Riziki hakuficha," akasema. "Aliyeficha ni mimi. N'nacho na mimi, hapa titini, tangu kabla yake. Nikamwona anavyoteseka, nikazidi kuogopa."

Nikakumbuka alivyokuwa akikulaumu kisimani, nikatamani kupiga ukelele. Sikupiga. Sikumgusa wala sikumwambia ni kitu gani. Nilimwambia tu, "Vaa viatu, Bi Tatu. Boti ya Utende haijaondoka."

Nakuandikia haya Kilindoni, kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Boti ilipoyumba alinishika mkono, ikatulia akauachia; Utende tukapanda gari mpaka huku. Maswali tumeyaandika kwenye karatasi, nimeandika mimi, na ameingia nayo peke yake. Amesema hanitaki ndani. Nami nimeketi, naomba kwa Mola asikuletee mama yako mapema hivi.

Lala, mwari wangu, Mola akupanulie kaburi na akutilie nuru. Sikuombi uniitikie.

Mlango umefunguka. Nesi ananitazama, anasema mgonjwa anamwita mwenziwe.

Somo yako