Maji ya Kusuuzia Pampu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Sijawahi kumwambia mtu. Hata padri kwenye kitubio sikumwambia, maana sikujua kama ni dhambi. Baba akimaliza kupulizia mibuni dawa, kazi ya kusuuza pampu ni yangu. Alishanikataza kumwaga kijitoni, ng'ombe wanakunywa. Basi huwa namwaga kwenye lile bomba la chuma lililo wazi katikati ya nyasi, nje ya uzio wa kisima cha mji. Walichimba kisima zamani wakaacha. Nilijiona nina akili: huko chini nani atakunywa? Mara tatu msimu huu.

Leo amekuja shuleni dada mmoja, mtaalamu wa maji. Akachora ubaoni. Visima vya mji vinanyonya maji ya chini, na kisima cha zamani kikiachwa wazi ni mlango wa kuingilia hukohuko. Mwalimu akarudia kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, asikose mtu. Mimi nilielewa mara zote mbili. Akauliza nani ana swali. Nilikuwa nalo. Nikainamia daftari.

Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi

Nimetoka kanisani nikapitia kwa dada Oliva. Mtoto wake ana wiki sita. Dada ananyonyesha, kiu haimwishi, kanywa jagi zima mbele yangu. Maji ya kisima cha mji. Nikamwambia awe anachemsha.

"Tunachemsha, mdogo wangu. Tangu lini umekuwa bwana afya?"

Dawa ya shamba haiishi kwa kuchemsha. Yule mtaalamu alisema. Mimi sikuongeza neno. Najichukia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimemwaga tena. Safari hii nikijua.

Baba alinipa pampu akaenda kunawa. Ningesema siwezi kumwaga pale, angeuliza pale ni wapi, na ningelazimika kueleza yote. Nikaenda. Nilisikia maji yakishuka muda mrefu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimemwambia baba. Tulikuwa tunachambua maharage uani. Maneno yalitoka vipandevipande, ya kati yakatangulia. Nilitegemea ukali. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.

"Mara ngapi?"

Nikasema tatu. Ilitoka yenyewe.

"Vaa viatu."

Tukaenda kwa Mama Stela, anayetunza mashine ya kisima. Shikamoo yangu sidhani kama aliisikia. Kabla sijafungua mdomo baba akasema, "Aliyemwaga dawa kwenye bomba la zamani ni mimi. Huyu mtoto ndiye aliyenigutusha, wamefundishwa shuleni."

Nilimtazama. Yeye hakunitazama.

Mama Stela alizima mashine palepale, akapiga simu kwa wakubwa wake. Kisha akamwambia baba, "Kesho mji mzima utakutukana, Baba Oliva."

"Watukane tu. Bora watukane kuliko wanywe."

Tulirudi. Njiani alinishika bega mara moja. Sijui kama nastahili baba huyu.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Upande wetu wote hauna maji. Foleni ya ndoo kwenye kisima cha juu imefika barabarani. Wamechukua maji kwenye chupa, ya kisima na ya bomba la zamani, yamepelekwa kupimwa. Watu wanamwita baba Mzee Sumu. Mzee Salumu wa duka la pembejeo kamwambia, "Dawa ninayo, bwana, lakini nieleze kwanza: ni ya mibuni au ya majirani?" Baba alicheka. Mimi nilikuwa nimebeba mfuko wake, nikatamani ardhi inimeze.

Shuleni wenzangu wananipa pole kwa ajili ya baba yangu. Napokea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Majirani wawili wameenda wenyewe kwa Mama Stela. Nao walikuwa wanamwaga humo. Mmoja tangu mwaka juzi. Wasingesema kama baba asingesema.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Majibu yametoka. Kisima cha mji ni salama. Dawa imekutwa kwenye bomba la zamani tu. Wamevuta maji yake yote, wamelijaza zege mpaka juu. Mashine imewashwa.

Nilienda kwa dada. Nikakaa tu pale jikoni nikimtazama anakinga maji. Akaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu. Asante Mungu. Asante yule dada wa ubaoni, ambaye hata jina lake silijui.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Baba amenifundisha. Maji ya kusuuzia unayapuliza kwenye mibuni ileile, safu ya mwisho, mpaka pampu ikauke. Naye kafundishwa juzi tu, na watu waliokuja kuziba bomba. Tumefanya pamoja. Mvua ilikuwa imepumzika, majani yanang'aa. Leo nimeshukuru kwa kila kitu, hadi matope.

Ila alibeba aibu ya mtoto asiyejua. Mimi mara ya nne nilijua. Kwa mdomo siwezi. Nimejaribu shambani, nimejaribu mezani.

Siku zote nikisikia hatua nafunika daftari kwa kanga. Hizi ni za buti zake, anakuja huku. Nitalifungua ukurasa wa tarehe nane, nilisogeze upande wa mlango. Baba husoma polepole, kwa kidole. Nitamsubiri amalize.