Tunaupanua Mlango, Kaka Sebit

Mafubira,
Jinja.
9 Aprili 1987

Mpendwa Kaka Sebit,

Assalaam aleykum. U hali gani huko uliko? Sisi, alhamdulillahi, tunapumua na tunakula. Mama ana presha lakini anatembea, ila macho yamepungua nguvu, hasa la kushoto. Mimi dada yako Ramula ni mzima, miguu ni ile ile unayoijua. Wewe je, umepona ile homa uliyotuandikia mwaka 1984? Ndiyo barua yako ya mwisho tuliyoipata, kwa hiyo kwetu sisi bado una homa.

Naandika kwa haraka kwa sababu Rajab, muuza sabuni, anaondoka kesho na lori kwenda Arua, na ameahidi kuwapa barua watu wanaovuka kwenda Sudan. Yakub, aliyerudi kutoka Yei mwaka jana, anasema ulishahamia Juba. Mwingine anasema hukuhama. Basi nimeiandika barua hii mara tatu, neno kwa neno: moja ya Yei, moja ya Juba, na ya tatu ya yeyote atakayekutana nawe njiani. Ukizipata zote, cheka tu.

Ile ya Januari sina uhakika nayo. Bogere, jirani yetu fundi mwashi, alinisukuma mpaka posta mjini, akaniacha chini ya ngazi akaenda kutafuta misumari. Ngazi zile ni saba. Nikamwomba bwana mmoja mwenye tai anitumbukizie barua. Akaitia mfukoni, akapanda. Alipotoka alikuwa akiongea na mwenzake, hakunitazama, nami nikaona haya kumwuliza. Tangu siku hiyo nawaza kwamba barua yako iko ndani ya koti la mtu.

Nimesema "alinisukuma" nikasahau kwamba hujui nina kiti. Vita ilipofika mwaka 1979 na wewe ukakimbia, Shangazi Zulaika alituchukua mimi na Mama tukakae kwake Nkoma, Mbale. Miaka minne iliyopita, fundi mmoja wa kuchomelea vyuma kule kwenye viwanda, jina lake Gidudu, alinitengenezea kiti cha magurudumu kwa mabomba ya maji na magurudumu ya baiskeli. Ni kizito kama ng'ombe lakini kinakwenda. Sakafu ya Shangazi iko sawa na uwanja, hivyo nilikuwa natoka nikitaka na kurudi nikitaka. Nikajifunza kushona kwa cherehani ya mkono. Nguo za shule za nusu ya mtaa ule nimezishona mimi.

Mama alirudi Jinja mapema, mwaka 1981, kulinda nyumba. Mimi nimerudi Novemba iliyopita kwa sababu ya presha yake, na pia Mbale imejaa watu wanaokimbia mapigano ya Teso, hata Shangazi analala na viatu. Nilikuja na lori la vitunguu. Kwenye kizuizi askari aliamuru wote washuke, mimi nikabaki. Akaniuliza, "Wewe mama, iko na kiburi? Kwa nini hapana shuka?" Nikamwambia, "Afande, miguu yangu iko kule juu ya vitunguu." Wakakishusha kiti, wakagonga kila bomba kutafuta risasi. Kisha yeye mwenyewe akanisukuma mpaka ng'ambo ya kizuizi.

Ndipo nikafika nyumbani, nikakuta mlango wako.

Bila shaka unakumbuka ile wiki ya mwisho. Ulijenga matofali kulia na kushoto mpaka mlango ukawa wa mtu kupita ubavu, ukainua kizingiti kufika magotini, ukaweka komeo juu, usawa wa kichwa chako. Ulisema waporaji huchukua kile kinachopita mlangoni. Walikuja kweli, siku ya tatu baada ya wewe kuondoka. Walibeba magodoro, redio, sufuria, hata ndoo ya kuogea. Kabati la harusi la Mama liliwashinda. Waliligeuza ubavu, wakaligeuza kichwa chini, wakaliacha. Mama humsimulia kila mgeni mpaka leo. Lakini kiti cha Gidudu nacho ni kipana, Kaka. Kabati haliwezi kutoka, na mimi siwezi kutoka.

Sikulaumu. Wakati ule nilikuwa natoka nimebebwa mgongoni kwako, na hakuna kati yetu aliyewahi kuwaza magurudumu.

Sasa kiti kinalala barazani kwa Bogere, mimi nalala ndani na kujikokota kwenye mkeka. Nikitaka kutoka, Mama humwita Bogere anivushe kizingiti kama gunia la makaa. Nina miaka thelathini na moja. Siku Bogere akiwa kazini, sitoki. Mambo ya choo sikuandikii, unaweza kuyafikiria mwenyewe.

Mwezi uliopita Mama alikwenda mazikoni, mchana, akanifungia kwa kufuli nje kwa sababu komeo silifikii. Nilikuwa nashona karibu na sigiri. Cheche ikarukia mabaki ya vitambaa, vitambaa vikawasha pazia. Nilimwaga uji, nikamwaga maji ya kutawadhia, nikapigapiga kwa mkeka. Moshi ulipozidi nilijivuta mpaka mlangoni nikaugonga kwa pasi. Mtaa mzima ulikuwa mazikoni. Niliweka pua kwenye ufa wa bawaba, nikabaki pale mpaka moto ukafa wenyewe. Niliogopa, Kaka. Bado naogopa, kila ninapoona Mama akichukua lile kufuli.

Bogere aliposikia alikuja na nyundo mkononi. Alimwambia Mama, "Mama Sebit, hii murango ni mbaya. Moto ikirudi, huyu atatokea wapi? Mimi navunja siku moja tu." Mama akamjibu kwamba mlango ameuweka Sebit na Sebit ndiye atakayeutoa. Bogere akarudi na nyundo yake.

Kwa wiki mbili sikupata jibu lingine. Mwishowe nilikasirika, nikamwambia Mama kwamba anapenda kabati kuliko mimi. Najuta. Alikaa kitandani, akaniuliza kama namkumbuka Muhamad wa mtaa wa juu. Kumbe mwaka juzi Muhamad alirudi kutoka Sudan. Alikuta nyumba yao imepakwa rangi ya buluu na ina ua mpya. Akadhani imechukuliwa, kama zilivyochukuliwa nyumba nyingi za watu wetu waliokimbia. Akaogopa kubisha hodi, akapita, akaenda zake Kenya. Waliokuwa ndani ni mama yake mzazi na ndugu zake. Walikuja kusikia baada ya miezi sita.

Kwa ajili hiyo Mama hajapiga lipu wala kupaka rangi, hata ule ukuta wa mbele unaoliwa na mvua hajauziba. Miaka sita amekaa ndani ya nyumba inayobomoka ili wewe ukipita uijue. Sikuwa na habari. Nililia. Nilikuwa nimewaza njia yangu ya kutoka, yeye anawaza yako ya kuingia.

Siku ya tatu nilimwambia Mama hivi: Sebit akipita leo, ni nani atakayemwona? Wewe, Mama, macho yako hayafiki barabarani, mimi nimefungiwa. Mlango ukipanuliwa nitakaa barazani kutwa na cherehani yangu, uso kwenye barabara. Asubuhi yake nilimsikia nje akiongea na Bogere. Alikuwa anamwambia apime kiti kwanza, ndipo apime ukuta.

Kazi inaanza Jumatatu. Mlango utakuwa wa mbao, mpana, bila kizingiti, na mbele kutakuwa na mteremko wa saruji. Komeo litakuwa chini, usawa wa mkono wangu. Mama ameagiza nikuandikie kila kitu, nawe usome mara mbili. Lakini sipati usingizi, Kaka. Watu wanarudi kutoka Sudan kila wiki. Kama ulishaanza safari, barua hizi zitakukosa, utafika ukitafuta mlango ambao haupo, na mimi ndiye niliyeuvunja.

Shangazi Zulaika anakusalimu kutoka Mbale, na Madina binti yake, aliyekuwa mtoto ulipoondoka, sasa ni mama wa mapacha. Bogere anakusalimu, anasema matofali yako yalikuwa mazuri mno na yatamvunja mgongo. Mama hasemi salamu. Anasema urudi tu. Ramadhani iko karibu, Mungu akupe afya uifunge, na akufungulie njia zote mpaka kwetu.

Ukifika na usiitambue nyumba, usiende Kenya. Tazama barazani, yuko mwanamke kwenye kiti cha magurudumu. Kama unaogopa kuuliza, usiulize. Nitakuita mimi.

Dada yako akupendaye, anayetazama barabara,

Ramula