Mlima Uliompoteza Njeri Chongqing

Baba Njeri,

Naogopa. Hapa Gatitu kila anayeniuliza habari za msichana wako namjibu ati yuko poa, na mambo si poa hata kidogo.

Baada ya kukuzika, alipata nafasi ya kusoma China, mji mkubwa unaoitwa Chongqing. Wee, ungeuona! Umejengwa milimani, na mito miwili inakutana katikati, Yangtze wa matope na Jialing wa kijani. Njeri alinionyesha kwa simu treni ikiingia ndani ya nyumba ya ghorofa wanamokaa watu, ikatokea upande wa pili. Nilicheka. Kisha akaingia jengo lingine kando ya mto, akapanda lifti hadi juu kabisa, mlango ukafunguka: barabara nyingine, magari yanapita! Hapo sikucheka tena. Mtoto atajuaje kama yuko juu au chini?

Jana akapotea. Na ni wewe, Baba Njeri, usinikasirikie. Si ulimwambia tangu akiwa mdogo, "Ukipotea, tafuta mlima, huko ndiko jua linatokea"? Basi akaona mlima ng'ambo ya mto, akauamini kama huu wetu. Kumbe huko milima iko kila upande! Ukungu ukashuka, hata huo ukafichika. Akafuata mto, na ulikuwa ule mwingine. Ngazi juu, ngazi chini, mpaka simu ikazima.

Mimi huku napiga, napiga, hapatikani. Mboga ya sukuma ikaungua jikoni naitazama tu. Nimekuzika wewe, na huyu nitamtafuta wapi? Kwa lugha gani?

Mwishowe mama mmoja muuza tambi akamchajia simu. Njeri akanipigia akilia, "Mama, sema tu nirudi nyumbani, nitarudi."

Neno "rudi" lilikuwa ulimini. Sijawahi kutaka kusema kitu namna hiyo. Nikasikia mdomo wangu ukiuliza, "Umekula?"

Akasema yule mama amempa bakuli, lakini pilipili ya huko ni moto mtupu. Akaenda kula.

Sijui kama nilifanya vizuri. Tangu jana simu sijaiweka chini.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi sitamwita arudi kwa sababu ya woga wangu. Lakini atapiga tena leo jioni, na akiniomba lile neno, nitakuwa peke yangu na simu. Nisaidie kunyamaza.

Mama Njeri