Jino la Mama Hadija

Gikondo, Kigali

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mvua, imeacha kuvuja jikoni? Mimi mwanao ni mzima, ila asubuhi za huku zina baridi, na nikiamka pua bado inatafuta harufu ya mikate yako ya kumimina. Nakunywa chai na chapati ya dukani, nakumbuka kwetu Ngamiani.

Juma lililopita alikuja kliniki yetu ya meno fundi cherehani wa Nyamirambo, Mama Hadija, shavu limemvimba. Babu yake alikuwa mfanyabiashara wa pwani, basi aliposikia natoka Tanga akanishika mkono asiuachie. Eksirei ikaonyesha mzizi wa gego lake umepinda kama ndoana. Daktari wetu mkuu akasema heri ling'olewe, maana faili ya mashine, kile kijiti cha chuma cha kusafishia ndani ya mzizi, ikikatikia kwenye kona ile, kuitoa ni taabu tupu.

Mama Hadija akanitazama mimi. "Muganga, usitoe hii jino. Upande huu iko hii moja tu ya kutafuna."

Kwenye kanga yake kulikuwa na vipande vya uzi. Nikakuona wewe, mama, umekaa barazani na kofia mapajani, unakata uzi kwa meno. Nikamwomba daktari aniachie nijaribu. Akasema, "Haya, lakini usiwe na haraka."

Nilipompiga ganzi nilianza na faili ya mkono, nyembamba kuliko sindano yako, ncha nimeikunja kidogo ifuate kona. Naingiza, natoa, naosha kwa dawa, naanza tena, mpaka njia ikalainika hadi chini. Ndipo nikawasha mashine, mwendo wa polepole. Faili ile huachwa ijiendee, ukiisukuma, inakatika. Nimekaribia mwisho, mashine ikalia, ikasimama. Faili imeng'ata! Nikaivuta taratibu, ikatoka nzima, lakini mikunjo yake iliyosokotwa kama skrubu karibu na ncha ilikuwa imelegea.

"Si bado inafaa?" akauliza Claudine, msaidizi wangu.

"Ikirudi ndani itabaki humo," nikamjibu, nikaitupa.

Nikarudi kwenye faili ya mkono, nikaosha, kisha nikafungua mpya ya mashine. Shingo iliniuma, vidole vikaloa ndani ya glavu. Safari hii ikashuka mpaka mwisho, ikapanda bila kulia.

Jana Mama Hadija alirudi, uvimbe umekwisha, nikauziba mzizi. Ganzi ilipomtoka akauma meno kwa woga, akauma tena, akacheka. "Mana yanjye!" akamtaja Mungu kwa Kinyarwanda. "Asante, mwanangu."

Mama, tangu niondoke hakuna aliyeniita hivyo uso kwa uso. Nikampa mgongo, nikajifanya naosha vyombo. Alipotoka, Claudine akaniwekea kitambaa mkononi.

Nisalimie kaka Athumani na wifi yangu, na bibi, mwambie namkumbuka kila Ijumaa. Mwanaisha mdogo wangu aache kulala na peremende mdomoni. Nawe usinisahau katika dua zako.

Binti yako akupendaye,
Zuhura